Vita vya Angani Bila Bando

Wanangu wa gemu, tuambiane ukweli. Washkaji zangu huku Mpanda wanaisifia Star Citizen kwa picha kali, ila bila intaneti haichezeki. Bumu lote litaishia kwenye bando!

Mimi nasimama na FreeSpace 2 ya 1999. Wanaiponda eti ya kizee, vitufe kibao. Sawa, lakini ukishaiweka kwenye kompyuta ya mtumba, unapigana na adui bila mtandao. Inakufundisha kurusha ndege kabla ya kukupeleka vitani, na tangu msimbo wake uachiliwe 2002, wachezaji wenyewe wanaiboresha.

Nasomea ualimu: zana nzuri ni ile inayomfikia kila mwanafunzi. Gemu inayomwacha nje kijana wa Katavi, hata ing'ae vipi, kwangu imefeli.