Dada wa Tamthilia Kaenda Masingini, Mkamwita Kafulia!

Jamani, yule dada wa tamthilia aliyetua Unguja juzi kakosa nini? Mastaa wenzake wanaposti yale yale: machweo ya Nungwi, pizza ya Forodhani, mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe. Yeye kavaa raba zake, kapanda daladala ya Bububu, kaingia kutembea msitu wa Masingini. Kwenye komenti ikawa vita: "kafulia", "hana hela ya hoteli".

Wanaocheka wengi ni wa mjini hapa hapa, na huko hawajawahi kukanyaga! Masingini ndiyo juu kabisa ya Unguja, njia imejaa kivuli, na ukibahatika unamwona kima punju, mnyama ambaye porini yuko Zanzibar tu. Tena msitu huo ndio unaolinda vyanzo vya maji ya mjini. Yaani mtu anauponda huku anaoga maji yake.

Jozani angalau inajulikana, hifadhi ya taifa tangu 2004. Ila mapango ya msitu wa Kiwengwa-Pongwe? Wengi wanayaona kwenye simu za wazungu.

Haya, mliomcheka, tupieni picha zenu za Masingini tuzione.