Kahawa yetu wanywe wengine hadi lini?

Nilipofika Ho Chi Minh City, Vietnam, kwa mara ya kwanza, nilishtushwa na pikipiki. Zimejaa kama siafu, kuvuka barabara tu kulinitoa jasho. Lakini kilichonifikirisha kilikuwa pembeni: watu wa kila aina wameketi kwenye vigoda vya plastiki, wanakunywa kahawa yenye barafu na maziwa mazito ya kopo.

Kahawa ile nyingi ni robusta, aina ileile tunayolima Kagera. Vietnam inaongoza duniani kwa kuizalisha, na bado inainywa.

Sisi Ngara na Biharamulo tunauza kahawa ya maganda. Wengine huiuza kwa butura, ikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye fedha. Kisha pale Benaco na Nyakanazi, wanakosimama madereva wa malori ya Rwanda na Burundi, tunawachemshia chai.

Ndugu mkulima, sisemi tuache kuuza nje. Nasema kikundi chenye kikaango na kinu kianze na kilo chache. Muuza kahawa wa Dar es Salaam hana hata mche mmoja, lakini anaishi mjini kwa birika na vikombe. Sisi wenye shamba tunasubiri nini?