Mahindi yaliyoota ukungu si chakula cha mbwa

Huku kwetu Pwani ukitaja chakula cha mbwa, baadhi ya wasomaji huacha kusoma hapo hapo. Najua. Wengi wetu ni Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na mtoto wa madrasa anakijua kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Ukimfunga mlangoni akulindie mali, kumlisha ni juu yako.

Swali ni umlishe nini. Mwenzetu mmoja wa Kisauni anafundisha upande wa Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii, na anafuga mbwa wawili wa ulinzi. Anasema mahindi yakivunwa kule, mazuri huenda ghalani, yaliyooza huchambuliwa na kuwekwa kando. Hayo ya kando hayatupwi. Husagwa yakawa unga wa mbwa na kuku, na ng'ombe naye akapata fungu lake. Tusiwacheke Wakisii, maana Kilifi na Kwale mambo ni yayo hayo. Tofauti ni kuwa Kisii mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na jua la kuanika ni la kuvizia.

Ukungu ule ndio hutoa aflatoksini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Kuisonga ugali hakuiondoi, moto wa jikoni hauiwezi. Na mbwa ni katika wanyama wanaodhurika nayo upesi: ini huharibika, hukataa chakula, hutapika, fizi na macho hugeuka manjano, kisha hufa na jirani akasingiziwa kumtilia sumu.

Haya si ya kubuni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Eldoret na hapa hapa Mombasa kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka wa 1974, magharibi mwa India, mahindi yenye ukungu yaliua watu zaidi ya 100 vijijini, na mbwa wa nyumba hizo nao wakafa kwa ugonjwa ule ule. Mwaka wa 2004 ikawa zamu ya Makueni, Kitui na jirani zao: wagonjwa 317, waliokufa 125. Kwa hivyo anayesema "ni mbwa tu" hajafikiri. Mbwa anakula kilichotoka shamba lile lile analokula mwenye nyumba, na ng'ombe akila mahindi yale sumu hupita hadi kwenye maziwa ya mtoto.

Wenye uwezo husema dawa ni kununua chakula cha dukani. Ni kweli kwa kiasi. Lakini mwishoni mwa 2020 chakula cha mbwa cha Sportmix, cha kiwandani Marekani, kiligunduliwa kuwa na aflatoksini kupita kiwango chao cha sehemu 20 kwa bilioni, na kufikia Januari 2021 idara yao ya chakula na dawa ilikuwa imehesabu vifo vya mbwa zaidi ya 70. Mfuko wa kung'aa si dhamana. Na kwetu Kenya, Novemba 2019 KEBS ilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii hii. Huo ni unga wa watu, wenye jina na alama. Unga wa mbwa unaochotwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi, usio na jina wala tarehe, nani aliupima?

Kwa hivyo ukinunua, chukua mfuko uliofungwa, wenye jina la aliyeutengeneza, tarehe ya mwisho na orodha ya vilivyomo. Nyama au samaki akitajwa mwanzo, afadhali. Ikiwa ni pumba tupu, umenunua pumba. Ukiunusa ukakujia uvundo, rudisha.

Nyumbani si lazima kutumia pesa nyingi. Kisii si mbali na ziwa, dagaa wapo, na mchele uliovunjika wa Ahero ni rahisi kuliko ule mzima. Matumbo na mapafu ya buchani yafaa, ila yachemshwe sana kwa sababu ya minyoo inayorudi kwa binadamu. Vitunguu, chokoleti na mifupa iliyopikwa, hapana.

Na mahindi, kama ni lazima, yawe yale ambayo wewe mwenyewe ungekula. Kuna kipimo cha wakulima kisicho na gharama: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudishwe juani. Kipimo hiki huonyesha unyevu tu, sumu hakiioni; yaliyokwisha kuota ukungu yazikwe.

Lililobaki ni la kaunti, ya Kisii na zetu za Pwani. Afisa wa kukagua nyama hupita buchani asubuhi na muhuri wake. Magunia ya unga wa mbwa na kuku yako hatua chache kutoka hapo, mdomo wazi, na kila siku anayapita.