Dranya Nayo Itembelewe

Mtalii afikapo Uganda huelekezwa Murchison Falls au Bwindi, akaondoka bila kusikia jina la Dranya. Hali kitongoji hicho tulivu kimo katika Wilaya ya Koboko yenye Mlima Liru, ambao masimulizi ya Walugbara huuhusisha na Jaki, mmoja wa mashujaa wao wawili wa kale. Wa pili, Dribidu, huhusishwa na Mlima Wati, huko Terego.

Wengi wa wananchi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan katika vita vya 1979 na 1980. Baadaye walirejea, wakajenga upya. Leo Koboko yenyewe inawapokea wakimbizi wa Kongo huko Lobule. Watu hao hawahitaji kufundishwa ukarimu.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Haitafaa mgeni apige picha na kwenda zake, huku mzee aijuaye historia ya mlima akizikwa nayo. Hivyo tunaishauri Serikali ianze na mambo mawili: masimulizi ya wazee yaandikwe, na vijana wa hapo hapo wafunzwe kuwaongoza wageni. Bila hayo, utalii utapita Dranya kama upepo.