Bibi Aliyekwenda Magharibi kwa Miguu

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, katika mji wa Los Angeles, nchi ya Marekani, palikuwa na mtu mweusi aliyeitwa Robert Curry Owens. Alikuwa na viwanja na majumba, naye alihesabiwa miongoni mwa matajiri wa watu wake. Lakini mali ile haikuanza kwake. Chanzo chake ni bibi yake, mzaa mama, aliyefika upande ule wa nchi hana kitu, wala hana amri juu ya mwili wake mwenyewe. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Basi inafaa habari za bibi huyo zijulikane.

Jina lake lilikuwa Biddy Mason. Alizaliwa mwaka 1818 katika majimbo ya kusini, naye alikuwa mtumwa tangu kuzaliwa. Hakufundishwa kusoma wala kuandika. Elimu yake ilikuwa dawa za mitishamba, uuguzi na ukunga.

Bwana wake, Robert Smith, aliishi Mississippi. Alijiunga na dhehebu la Wamormoni, na mwaka 1848 akaazimu kuhamia magharibi, katika bonde la Salt Lake. Alifunga safari pamoja na jamaa yake na watumwa wake, mwendo wa maili zipatazo 1,700. Magari yalikokotwa na ng'ombe. Biddy alifuata nyuma kwa miguu akiswaga mifugo, naye alikuwa na binti zake watatu: Ellen, Ann, na Harriet aliyekuwa bado mtoto mchanga. Jioni, magari yaliposimama, kazi yake ilikuwa haijaisha. Palikuwa na chakula cha kupikwa na watoto wa kutunzwa. Na mwanamke aliposhikwa na uchungu njiani, Biddy ndiye aliyemzalisha.

Mwaka 1851 Smith alihama tena, akaenda San Bernardino katika jimbo la California. Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotukia. Katiba ya California, iliyotungwa mwaka 1849, ilikataza utumwa. Lakini Biddy alikaa katika jimbo hilo zaidi ya miaka minne, akitumika vile vile kama alivyotumika Mississippi. Sheria ilikuwapo; ila sheria isiyomfikia mtu masikioni ni kama taa iliyofunikwa pishi.

Mwishoni mwa mwaka 1855 Smith alikusudia kuwapeleka watu wake Texas, ambako utumwa ulikuwa halali. Alimwambia Biddy kwamba huko atakuwa huru sawasawa na alivyo California. Maneno hayo hayakumtuliza. Tangu aliposikia habari za safari hiyo alikuwa akiiogopa. Walipopiga kambi katika bonde moja la milima karibu na Santa Monica, habari zilifika kwa Robert Owens, mtu mweusi huru wa Los Angeles aliyefanya biashara ya farasi. Mwanawe, Charles, alikuwa amempenda Ellen. Watu hao hawakukaa kimya. Walipeleka habari kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na kambi ikazuiliwa isiondoke.

Shauri lilisikilizwa mwezi wa Januari 1856 mbele ya Hakimu Benjamin Hayes. Palikuwa na kizuizi kimoja kikubwa: sheria za California za wakati ule hazikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi juu ya mtu mweupe. Hakimu alimwita Biddy faraghani, akamwuliza mambo yote, naye akaeleza hofu yake na ahadi aliyopewa. Siku ya kuendelea na shauri Smith hakutokea. Hakimu akatoa hukumu kwamba watu 14, yaani Biddy na binti zake, na mwenzake Hannah pamoja na jamaa yake, ni watu huru.

Mlango uliofunguliwa ulikuwa mwembamba. Mwaka uliofuata, 1857, Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Dred Scott, ilitamka kwamba watu weusi si raia wa nchi ile.

Biddy alihamia Los Angeles, akafanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa Daktari John Griffin kwa mshahara wa dola 2.50 kwa siku. Alizalisha watoto wa matajiri na wa maskini, akauguza wagonjwa wa ndui. Tarehe 28 Novemba 1866, miaka kumi baada ya hukumu ile, alinunua kiwanja katika barabara ya Spring kwa dola 250. Hesabu yake ni mshahara wa siku mia moja. Lakini kwa mama anayelea watoto, siku mia moja za akiba huchukua miaka mingi. Yule aliyeuzika jana sasa alikuwa na hati ya ardhi, ingawa sahihi yake ilikuwa alama ya msalaba tu.

Mji ulipokua, thamani ya kiwanja ilipanda. Mwaka 1884 aliuza sehemu yake kwa dola 1,500, na katika sehemu iliyobaki akajenga nyumba yenye vyumba vya kupangisha. Mali hiyo hakuila peke yake. Nyumbani kwake ndipo lilipoanzishwa, mwaka 1872, kanisa la First African Methodist Episcopal. Alisaidia wenye njaa, akazuru wafungwa gerezani. Ellen aliolewa na Charles Owens, na mtoto wao ndiye yule Robert aliyetajwa mwanzoni.

Biddy Mason alifariki tarehe 15 Januari 1891. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 1988. Na mwaka 1989 ukuta wa ukumbusho ulijengwa pale pale palipokuwa na nyumba yake.

Wenye mali wengi huwaachia wajukuu viwanja tu. Bibi huyu aliwaachia na habari nyingine: kwamba haki yake ilikuwa imeandikwa miaka mingi kabla haijamfaa, na haikumfaa mpaka jirani alipothubutu kwenda kusema.