Kura ya kumpandisha mtu iwe ya siri, hata kwenye programu huria

Wasee, leo hakuna video. Hii stori haiingii kwa dakika moja, kwa hivyo someni tu.

Kama hujui programu huria ni nini: ni programu ambayo msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuleta marekebisho. Firefox ni hivyo. Linux, ambayo iko ndani ya simu yako ya Android, pia ni hivyo. Lakini si kila mtu anaruhusiwa kuingiza mabadiliko moja kwa moja. Unatuma kazi yako, wenye mradi wanaikagua, na ukishaaminika wanakupigia kura upewe funguo. Mahali pengine hiyo kura ni ya wazi: +1 ni ndiyo, -1 ni hapana, na jina lako liko hapo kando.

Sasa acha niungame. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nikarudi nyumbani Tongaren, nilijiunga na mradi mdogo wa kutafsiri programu kwa Kiswahili. Kuna bro mmoja alinishika mkono sana, hadi bando alikuwa ananitumia. Siku jina lake lilipoletwa, nilijua kazi yake si safi. Alikuwa anabandika tafsiri za mashine bila hata kuzisoma. Lakini niliandika +1. Ningeanzaje kumwandikia -1 mtu aliyenilipia intaneti, na anaona?

Tulikuwa saba, na wote saba tuliandika +1. Wiki chache baadaye alifuta kazi ya miezi mitatu ya dada mmoja, akaweka yake. Dada akaondoka, hakurudi. Ndipo wenzangu watatu wakaniambia pembeni kwamba hata wao walikuwa na wasiwasi. Piga hesabu: wanne kati ya saba. Kura ya siri ingemzuia, na dada angekuwa bado nasi.

Hii tabia sisi Wakenya tunaijua. Kuka hukumbuka mlolongo wa 1988, watu wakipanga mstari nyuma ya mgombea wao kwenye uteuzi wa KANU. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kura ya siri. Chifu anakuona, jirani anakuona, anayekudai anakuona. Na huo uwazi wote haukuzuia wizi, kwa sababu kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa mshindi mchana kweupe. Mlolongo ukatupwa 1990, na leo Katiba ya 2010, kifungu cha 81, inasema uchaguzi uwe kwa kura ya siri.

Najua mtasema programu huria ni uwazi, siri inaingiaje? Mimi naona tofauti moja. Msimbo ujadiliwe mbele ya wote, kwa sababu msimbo hauna hisia na hautakununia kesho. Mtu ni kitu kingine. Apache, ambao ni wakubwa kwenye hii kazi, hujadili watu kwenye orodha ya faragha huku msimbo ukijadiliwa hadharani. Debian walikuwa wakichapisha nani alipiga kura gani kwenye maazimio yao, na 2022 wakaamua majina yafichwe. Wikipedia ya Kiingereza ilijaribu Oktoba 2024 kuchagua wakabidhi wake kwa kura ya siri, baada ya miaka mingi ya kura za wazi ambazo watu wengi waliogopa kusimama.

Lakini siri nayo ina ubaya wake. Mtu mwenye wivu anaweza kukuangusha kimyakimya, na wewe usijue ulikosea wapi. Kwa msichana wa Ndalu ambaye hajulikani na yeyote, hiyo inauma zaidi. Kwa hivyo sitaki siri ya kila kitu. Kabla ya kura, kazi ya mtu ijadiliwe wazi, na mwenye shaka aonyeshe mfano. Kiwango cha kupita kijulikane mapema. Hesabu itangazwe, na kila mpiga kura aweze kuhakiki kura yake kwa namba ya siri, jinsi Debian hufanya. Asiyepita aambiwe arekebishe nini na ajaribu tena lini.

Wabunge nao ni tofauti. Wao wanapiga kura kwa niaba yetu, kwa hivyo tuna haki ya kuona. Lakini mimi kwenye ule mradi sikuwa namwakilisha mtu. Niliombwa ukweli wangu tu, nikashindwa kuutoa kwa sababu ya bando.

Na wewe, chama chako au sacco yako ya boda huingiza watu vipi? Mnainua mikono, au mnapiga kura ya karatasi? Niambieni kwa komenti. Na yule dada, ukisoma hii: pole. Mmoja wa wale saba ni mimi.