Direkta, saa ya kusoma ipo

Walimu wengi wa Mweso, hapa Masisi mashariki mwa Kongo, hawasomi chochote kuhusu kazi yao, na kila mhusika ana sababu tayari mdomoni. Vitabu hakuna. Mshahara unachelewa. Vita. Mtandao unakatika. Semina ya mwisho ilikuwa zamani, na mradi ulioileta umeshafunga virago. Tumezisikia zote, na nyingine ni za kweli kabisa. Bado hakuna hata moja inayoeleza kwa nini walimu wa shule moja, wanaoonana kila asubuhi, hawawezi kukaa nusu saa kwa juma wakasoma ukurasa mmoja.

Tuanze na mtoto. Mpe mwanafunzi wa darasa la pili kitabu chake. Atasoma ukurasa mzima kwa sauti, bila kukwama, na mama yake aliyesimama mlangoni atatabasamu. Sasa funika mistari ya juu kwa kiganja, weka kidole kwenye neno moja la katikati, umuulize ni neno gani. Atanyamaza. Kisha ataanza kunong'ona ukurasa ule tangu mwanzo, kwa mahadhi yaleyale, mpaka aufikie mstari wako, na hata hapo huenda akalipita neno. Mtoto huyu hajui kusoma. Amekariri, tena amekariri vizuri, kwa sababu darasa lina watoto 80 na alichozoeshwa ni kuitikia pamoja na wenzake.

Ukurasa wowote mzuri kuhusu kufundisha kusoma unalieleza jambo hili. Mtoto lazima aunganishe herufi na sauti, sauti na silabi, na mwalimu lazima ampime kwa neno ambalo hajawahi kuliona. Kiswahili kimetupunguzia kazi kwa kuwa kinaandikwa kinavyotamkwa. Andika ma, badilisha herufi ya kwanza, unapata ba, ta, ka. Zipange upya, na mtoto anasoma mama, taka, kama, kata, maneno ambayo hakuna aliyemwimbisha. Mwalimu aliyesoma ukurasa huo Jumatatu anaweza kuujaribu Jumanne. Asiyeusoma atafika mwisho wa mwaka akiamini kwamba watoto wake wanasoma. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, katika kila watoto 100 wa miaka 10 nchini Kongo, 97 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Usifikiri hao wote hawakwenda shule. Wengi wao walikuwa wamekaa mbele yetu.

Sasa toka shuleni uende hospitali ya Mweso. Zamani mtoto mwenye malaria kali alitundikiwa kwinini. Mwaka 2010 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, yakaonyesha kwamba artesuneti inaokoa maisha ya wengi zaidi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo. Je, muuguzi aliyehitimu enzi za kwinini aendelee na kwinini kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa? Mzazi gani angekubali? Muuguzi anafungua mwongozo, anasoma kipimo kipya kulingana na uzito wa mtoto, anabadili mkono. Wala hakuna anayemwona akisoma akasema huyu hajui kazi.

Mwalimu je? Alimaliza humanite za pedagojia, yaani sekondari ya ualimu, akapata diploma yake ya serikali, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza amesoma nini. Anaulizwa fishi za matayarisho ya masomo. Anaulizwa rejista ya mahudhurio. Anaulizwa kama tarehe imeandikwa ubaoni. Anafundisha kama alivyofundishwa na mwalimu wake, ambaye naye alifundisha kama alivyofundishwa. Shule ingekuwa wodi, tungekuwa bado tunatundika kwinini.

Tuje kwenye sababu zenyewe.

Mshahara ni haki, na anayemcheleweshea mwalimu mshahara hana mdomo wa kumwambia asome. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na wako walimu ambao bado hawamo kwenye orodha ya malipo. Wadai, wagome, tutaandika pamoja nao. Lakini tunamjua mwalimu anayemaliza asubuhi sauti imekauka kwa kupiga kelele mbele ya watoto 80, kisha mchana anakwenda shambani kwa sababu mshahara haujafika. Ukurasa unaomwonyesha namna ya kuwagawa wale 80 katika vikundi, hawa wakisomeana wawili wawili, wale wakiandika, yeye akiwasikiliza wachache kwa siku, hauongezi mzigo wake. Unamponya koo.

Vita hatuvikatai. Januari 2024 makombora yaliangukia Mweso penyewe yakaua raia. Familia zimehama, zimerudi, zimehama tena, na kuna wakati madarasa yamegeuka mahali pa kulala. Lakini mtoto wa vita yuko darasani leo, na mwalimu anatakiwa kujua la kufanya naye leo. Ubao ukianguka anaruka chini ya dawati. Anasinzia saa tatu asubuhi. Ukimwuliza jambo la jana, hana. Tumezoea kumwita mvivu au kichwa kigumu, na wengine humchapa. Mtu aliyesoma hata kidogo kuhusu ukuaji wa watoto anajua kwamba hofu na kukosa usingizi ndivyo vinavyofuta somo, na kwamba fimbo inaongeza hofu. Anajua pia vitu vidogo vinavyosaidia: siku inayoanza kwa utaratibu uleule, jina la mtoto kutajwa, kuketishwa karibu na rafiki, kuambiwa mapema kitakachofuata. Hakuna hata kimoja kinachohitaji fedha.

Si maneno ya vitabuni tu. Kuanzia mwaka 2011, huko Kivu Kusini na Katanga, shirika la misaada la IRC lilianzisha vikundi ambamo walimu walikutana kujadili namna ya kufundisha kusoma na hesabu na namna ya kumtuliza mtoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walipopima baada ya mwaka mmoja, wanafunzi waliwaona walimu wao kuwa wanawajali na kuwasaidia zaidi. Faida katika kusoma na hesabu haikuwa kubwa, tusidanganyane. Mwaka mmoja ni mfupi. Ila mtoto kumwona mwalimu wake kuwa mtu wa kumsaidia, katika nchi hii, tusikubeze.

Sababu ya vitabu ndiyo inayotuchosha zaidi, maana ilikufa zamani na bado tunaibeba. Mpango wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, una masomo ya walimu wa shule za msingi kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia, bure. Mtandao wa INEE unagawa bure kitabu cha kuwafundisha walimu wanaofanya kazi katika maeneo ya vita na wakimbizi. African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichapa. Mtandao unakatika? Ndiyo. Lakini kijana wa kibanda cha kuchajia simu anakuwekea nyimbo kwenye memori kadi, na wala hakuzipata kwa mtandao wa asubuhi ile. Alipakua siku moja akiwa Goma, tangu hapo anagawa. Mwalimu mmoja akishuka mjini, apakue vitabu vitatu, arudi avigawe simu kwa simu. Wimbo mpya unafika Kalembe na Pinga kabla ya juma kwisha. Hatujui kwa nini kitabu cha mwalimu kisubiri mgeni wa kukileta.

Wasiokuwa na simu ya kuonyesha kitabu waandikiwe kwa mkono. Ukurasa mmoja, kwa juma moja, kwa shule nzima. Walimu ni watu wa kuandika.

Wengine wanasema Kifaransa cha vitabu hivyo ni kigumu. Basi ukurasa usomwe kwa Kifaransa, ujadiliwe kwa Kiswahili, na anayetaka kueleza mfano kwa Kihunde au Kinyarwanda aeleze. Tunawafundisha watoto hivyohivyo kila siku, tunaanza kwa Kiswahili tukiwavusha kwenda Kifaransa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha zetu nafasi darasani. Aibu ya kuuliza maana ya neno mbele ya wenzako isituzuie kufanya kitu tunachowalazimisha watoto wa miaka saba kukifanya.

Kinachotuzuia hasa ni semina. Tumefundishwa na miradi kwamba mwalimu hujifunza siku tatu, ukumbini, akiwa na soda, posho na nauli ya kurudi. Akimaliza anapewa cheti na fulana. Posho ikikoma, kujifunza kunakoma. Panga la shambani hunolewa kila asubuhi hapa Masisi, na hatujaona mkulima anayesubiri mradi uje kulinoa. Semina si mbaya, ikija tuiendee. Lakini mambo ya siku tatu, yasiyorudiwa, yanapotea kama masomo ya watoto yanavyopotea. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka tusiporudia. Mwalimu anayewadai watoto marudio na yeye harudii chochote anajua vizuri tunachosema.

Majirani wameliona hili. Tanzania wana MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo kiini chake ni jumuiya za ujifunzaji palepale shuleni, walimu kwa walimu. Na ukitaka mtu wa kijijini kabisa, soma habari za Célestin Freinet. Alirudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia mapafu yameumia, akapangiwa shule ya Bar-sur-Loup, kijiji kidogo kusini mwa Ufaransa, na hakuweza kuhutubia darasa asubuhi nzima. Akasoma maandishi ya waliofikiri kuhusu watoto, Adolphe Ferrière kwa mfano, kisha akaleta darasani mashine ndogo ya kuchapia, watoto wakaandika na kuchapa habari zao wenyewe. Karatasi zao zikaenda kwa mwalimu mwingine wa kijijini, kule Brittany, za wale zikaja kwake. Hawakusubiri semina. Walimu walisomana. Na yote yapo kwa Kifaransa, lugha tuliyosomea kazi hii.

Kinachobaki ni saa, na saa ipo. Kila shule ya msingi ya Kongo inatakiwa kuwa na kikao chake cha walimu, ambacho kwenye makaratasi ya wizara kinaitwa selule ya msingi. Kiliwekwa kwa ajili ya mafunzo. Tunajua kinavyokwenda: orodha ya waliohudhuria inasainiwa, tangazo la mchango linasomwa, mtu anauliza habari za malipo, direkta, mkuu wa shule, anakumbusha fishi, watu wanaondoka. Tangazo linaweza kubandikwa ukutani. Habari za malipo zinafika kwa simu kabla ya direkta kuzisikia. Nusu saa imepatikana hapo.

Hatuna utaratibu mgumu wa kupendekeza. Mmoja asome ukurasa kwa sauti. Waubishanie, maana kuna kurasa zilizoandikwa na watu ambao hawajawahi kuona darasa la watoto 80, na hizo zisemwe wazi kwamba hazifai. Wachague jambo moja la kujaribu juma hilo, moja tu. Kikao kijacho kianze kwa kila mmoja kueleza lilivyokwenda, na aliyeshindwa asichekwe. Mwalimu aliyejiunga mwaka huu asome zamu yake sawa na mwenye miaka 30 kazini, na mwenye miaka 30 aache kusema haya tuliyajua, kwa sababu kama tungeyajua, mtoto wa darasa la pili angeweza kulisoma lile neno la katikati.

Na direkta afanye jambo moja ambalo liko mikononi mwake: apunguze kunakili. Mwalimu anayehamisha fishi za mwaka jana neno kwa neno kwenye kaye (daftari) mpya, usiku, kwa mwanga wa simu, hatayarishi somo. Anamtayarishia mkaguzi, yaani inspekta. Amruhusu aliyefundisha somo hilo mwaka jana atumie fishi yake ya zamani, aandike pembeni tu atakachobadilisha na kwa nini, na muda uliobaki ausome ule ukurasa.

Tunasikia jibu tayari: inspekta hatakubali, anataka kaye iliyojaa. Basi tunamwambia inspekta naye. Ukifika shuleni, kabla ya kaye za matayarisho, omba daftari la kikao. Ukurasa upi ulisomwa juma lililopita, nani aliujaribu, watoto walifanyaje. Kisha ingia darasa la pili, funika mistari ya juu kwa kiganja, uweke kidole kwenye neno. Kama daftari halipo na mtoto amenyamaza, direkta akueleze ile nusu saa ilikwenda wapi.